Kurasa Nyeupe za Sikonge

Karatasi ya kwanza ilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo tulipomwacha Mwanahawa binti Yahaya juma lililopita: amepiga magoti katika stoo ya zahanati ndogo huko Sikonge, sanduku la bati liko wazi mbele yake, na mkononi ana karatasi isiyo na hata nukta ya wino.

Akachukua ya pili. Nyeupe.

Akachana bahasha nyingine, na nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa na muhuri wa ofisi ya Tabora, na zote ndani mlikuwa na karatasi safi kama sanda.

"Ya Rabi," alinong'ona. "Wamekwisha watu hawa."

Ndugu msomaji, kama hukuwa nasi tangu mwanzo, jambo lenyewe ni hili. Mwanahawa ni karani wa kumbukumbu katika ofisi ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na ndorobo, wale nzi wa porini. Nje ya Ipole pana kambi yenye wagonjwa arobaini na mmoja. Wanachomwa dawa ambayo ikipungua haifai kitu, na ikizidi inaua haraka kuliko malale yenyewe. Kila mgonjwa ana kipimo chake, na kila Jumamosi vipimo hubadilika.

Vipimo hivyo viliwekwa mahali patatu. Kwanza daftari kuu la Tabora. Pili kadi za vitandani. Tatu nakala ya taipu, iliyopelekwa Sikonge kila juma ikae mbali, ili mji mmoja ukipatwa na balaa mji mwingine useme. Mpango mzuri! Lakini Jumatatu kadi zote ziliitwa Tabora zikaandikwe upya, zikalazwa chumba kimoja na daftari. Jumanne adhuhuri jiko la mafuta likalipuka chumba cha pili. Daftari na kadi vikawa jivu moja.

Ikabaki Sikonge. Na Sikonge ndiyo hii.

Leo ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Sindano ni saa nane mchana. Na katika kitanda namba kumi na saba amelala Nassibu, kaka yake Mwanahawa wa tumbo moja, aliyekwenda porini kununua asali akarudi hajui jina lake.

"Sista Paskazia!"

Muuguzi wa zahanati akaingia akijifuta mikono kwenye aproni. "Kuna nini, mwanangu? Mbona umepauka?"

"Bahasha hii ya juu nimeikuta imefunguliwa. Nani aliifungua?"

"Mimi. Jana jioni, baada ya simu ya habari za moto. Nikakuta karatasi tupu, nikasema hawa wa Tabora wametukumbuka, wametuletea karatasi za kuandikia. Si unajua shida yetu? Basi nikachukua orodha ya mwisho iliyokuwa kwenye faili; baada ya hiyo bahasha tulikuwa tunaziweka tu bila kuzifungua."

"Ya juma la ngapi?"

"La sita."

"Leo tuko juma la kumi na mbili, Sista!"

Paskazia akaiachia aproni.

"Iko wapi orodha hiyo?" Sauti ya Mwanahawa ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Nimempa mpanda baiskeli alfajiri. Amepita njia ya mkato ya warina asali. Saa sita atakuwa Ipole. Na... na nimemwandikia daktari kwamba hiyo ndiyo ya mwisho."



Fikiri, msomaji. Orodha zile hazina majina. Kambini walikuwapo akina Shija wanne na akina Masanja watatu, majina yakaleta fujo, ikaamuliwa zitumike namba za vitanda peke yake. Majuma sita yamepita. Waliopona wamekwenda zao, wageni wamelala mahali pao.

"Kitanda kumi na saba, juma la sita, alilala nani?"

"Yule mpasua mbao," Paskazia alijibu polepole. "Jitu la miraba minne. Yeye alikuwa anapigwa mpaka mstari wa nane wa bomba la sindano."

"Sasa analala kaka yangu. Amebaki mifupa."

"Lakini dresa, yule mhudumu wa kambi, anawajua wagonjwa wake. Atamwambia daktari."

"Dresa ndiye aliyezipeleka kadi Tabora. Ameungua, yuko wodini hajitambui. Na Daktari Kornel amefika kambini juzi, hamjui hata mmoja. Simu Ipole hakuna." Akainuka. "Atachoma kwa karatasi uliyompelekea, Sista. Wote arobaini na mmoja."

Nyuma yao kitu kikaanguka sakafuni. Kling!

Wakageuka. Mlangoni alisimama Bundala, dereva wa Land Rover ya ofisi, Msukuma wa Puge, mtu mzima mwenye watoto sita. Funguo za gari zilikuwa miguuni pake. Jasho lilimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa na ubaridi wa mvua.

Mwanahawa akamtazama. Nani alibeba bahasha hizi kila Jumamosi kutoka Tabora mpaka Sikonge? Bundala. Nani alikuwa nazo peke yake njia nzima? Bundala.

"Kaka Bundala, umezifanya nini karatasi zangu?"

"Sikuzigusa, dada! Haki ya Mungu, bahasha sikuzigusa!"

"Mbona unatetemeka?"



Mwanahawa akataka kupiga kelele, lakini kidole gumba chake kikamwahi. Kilikuwa kimepita juu ya ile karatasi nyeupe, na kikahisi vijipele. Akaigeuza upande upande penye mwanga wa dirisha. Vijipele vilijipanga mstari kwa mstari, kama nyayo za sisimizi juu ya unga.

Karatasi ilikuwa imepigwa taipu! Haikubadilishwa na mtu. Herufi ziligonga, wino haukufika.

"Juma la saba," alisema kwa sauti. "Juma la saba kulitokea nini?"

Akakumbuka. Juma la saba ndipo lilipofunguliwa boksi jipya la kaboni, karatasi za kutolea nakala, zile zenye weusi pande zote mbili, upande mmoja wino na mwingine rangi tu. Na tangu juma hilo kurasa za daftari kuu, zinazopigwa taipu juu ya kaboni, zilikuwa na wino kwa nyuma. Yeye mwenyewe aliziona! Akasema hizi kaboni mpya chafu kweli, akafunika daftari, akaenda kunywa chai.

"Iligeuzwa," akasema. "Josepha aliitia kaboni kinyume. Wino uliingia mgongoni mwa karatasi ya juu, nakala ikabaki tupu."

Josepha ni mpiga taipu wao, msichana mgeni kazini, mwezi wa tatu huu. Lakini juu ya kila bahasha iligongwa IMEKAGULIWA, na chini ya neno hilo kulikuwa na sahihi. Sahihi haikuwa ya Josepha. Ilikuwa *M. Yahaya*. Kila Jumamosi Mwanahawa aligonga muhuri akatia sahihi, na hata mara moja hakuvuta karatasi kuitazama.

Hofu ikamshika upya, na safari hii ilikuwa na aibu ndani yake.

"Sista, kaboni ikigongwa mara moja tu, herufi si hubaki ndani yake?"

"Hubaki. Ukiiweka penye jua unasoma."

"Na amri ni kaboni mpya kwa kila orodha. Basi ile ya Jumamosi iliyopita ina orodha nzima! Josepha huzipeleka wapi zilizotumika?"

Bundala akapiga magoti, mtu mzima na mvi zake.

"Dada, usinipeleke polisi."

"Sema!"

"Ninazibeba mimi. Kila Jumamosi, pamoja na bahasha zako, Josepha hunipa kifurushi nimpelekee dada yake, Imakulata, kule kijiji kipya cha Mwamko. Anafundisha akina mama ushoni. Wanachorea maua kwenye vitambaa. Mali ya ofisi, dada, najua! Siku hizi mtu akikutwa na pini ya serikali anaitwa mhujumu. Nina watoto sita."

"Mwamko iko njia ya Ipole?"

"Njia ileile."

"Okota funguo, kaka Bundala. Washa gari!"

Mwanahawa akakumbatia bahasha zote nyeupe, hata hakujua kwa nini, akakimbilia nje. Nyuma yake Paskazia alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, ameficha uso kwa aproni.

Barabara ya Ipole wakati wa masika si barabara. Ni matope yenye jina. Land Rover ilikwenda ubavu ubavu kati ya miti ya miyombo, ndorobo wakigonga vioo kama vijiwe. Mwanahawa alihesabu vitanda moyoni mpaka akasahau amefika ngapi.

Saa nne na nusu waliiona Mwamko: nyumba mpya zilizopangwa mistari miwili kama askari, na katikati kibanda cha nyasi chenye akina mama kama kumi, kila mmoja na kitambaa chake mapajani.

Mwanamke mrefu aliyefunga kilemba cha kijani akasimama. Akaiona Land Rover ya serikali. Akamwona mwanamke wa mjini anashuka mbio. Akafikiri analolijua mwenyewe.

Akainama, akakusanya kitu cheusi kwa mikono miwili, akakimbilia mafigani palipokuwa na chungu cha uji.

"Imakulata, hapana!" Bundala alipiga kelele. "Usichome!"

Amechelewa. Kifurushi kikaingia motoni. Kaboni ina nta ndani yake, msomaji. Inashika moto kama taa. Fuu!

Mwanahawa hakufikiri. Alitia mkono kati ya mafiga, akavuta, akatupa chini, akakanyaga kwa viatu. Chungu kikapinduka, uji ukamwagika, akina mama wakapiga yowe. Vidole vyake vilipata malengelenge papo hapo. Alichookoa kilikuwa konzi moja ya majivu meusi na vipande visivyofika upana wa kiganja.

"Hatuna kitu, Ndugu!" Imakulata aliinua mikono mitupu. "Ni takataka tu za kuchorea. Tusamehe!"

"Sikuja kukukamata, dada yangu." Machozi yalimtoka Mwanahawa bila kizuizi. "Nilikuja kuziomba. Kwenye kaboni ile kuna roho za watu arobaini na mmoja, na kaka yangu mmoja wao."

Imakulata akamtazama. Akatazama majivu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Za siku gani unazitaka?"

"Za Jumamosi hii iliyopita."

"Hizo hazimo motoni."

"Nini?"

"Zilizomo ni za zamani, zilizochoka. Za Jumamosi ndizo tunazochorea leo. Mbili." Akageuka akaita kwa Kinyamwezi, na akina mama wawili wakainua vitambaa vyao polepole. Chini ya kila kitambaa palikuwa na karatasi nyeusi.

Msomaji, Mwanahawa alitaka kumbusu mtu.

Akazishika kwa ncha za vidole vilivyoungua, akainua ya kwanza kuelekea jua. Ndani ya weusi, herufi ziling'aa kama matundu ya sindano: JUMA LA KUMI NA MBILI.

"Unajua kuandika vizuri, dada Imakulata?"

"Mimi mwalimu."

"Chukua daftari. Mimi nasoma, wewe unaandika. Tukimaliza, kaka Bundala atasoma ulichoandika na mimi nitafuata kwenye kaboni, mstari kwa mstari."

"Dada, muda," Bundala alisema. "Kusoma mara mbili?"

"Mara mbili. Nilisoma mara sifuri kwa majuma sita. Umeona tulipofika."

Wakaanza. Kitanda namba moja, mstari wa nne. Namba mbili, mstari wa tano. Namba tatu, apumzike. Shingo ya Mwanahawa ilikakamaa kwa kutazama juu. Jua liliingia na kutoka mawinguni, na kila lilipoingia herufi zilipotea akalazimika kungoja, huku Bundala akitazama saa yake kama anayetazama nyoka.

Namba kumi na tano. Namba kumi na sita.

Namba kumi na saba.

Mwanahawa akaisogeza kaboni karibu na macho.

"Endelea," Imakulata alisema.

"Siwezi."

Mwanamke aliyechora kwa kaboni ile alikuwa amechora ua kubwa lenye shina refu, na penseli yake ilipopita iliondoa wino. Shina la ua lilipita katikati ya tarakimu ya kitanda kumi na saba. Ilikuwa tatu, au ilikuwa nane. Upande wa kushoto, ule ambao ungemwambia, ulikuwa umekwisha liwa na shina.

"Andika tatu," Bundala alisema. "Wewe mwenyewe umesema amebaki mifupa."

Kalamu ya Imakulata ikangoja. Moyo wa Mwanahawa ulisema tatu. Ulisema kwa nguvu. Lakini hakuwa amemwona Nassibu kwa siku ishirini. Je, kama amepata nafuu, amenenepa, na tatu itamwacha usingizini milele?

"Simwandikii kaka yangu kwa kubahatisha," alisema. "Naomba penseli."

Akachomoa karatasi nyeupe ya juma la kumi na mbili, ile tupu, akaitandaza juu ya ubao wa kukatia nguo. Akalaza penseli ubavu, akaanza kupaka kwa mkono mwepesi, mwepesi, kama anayempaka mtoto mafuta. Karatasi ikawa ya kijivu. Na ndani ya kijivu, pale taipu ilipogonga, mashimo madogo yakabaki meupe.

Akina mama wote wakaacha vitambaa wakasogea.

Ikatokea *17*. Ikatokea nukta. Kisha tarakimu ikafunguka taratibu, kichwa chake, kiuno chake, na upande wa kushoto...

Wazi. Haukufungwa.

"Tatu," Mwanahawa alisema. "Ni tatu. Andika."

Walipomaliza kusoma na kukagua, makosa yalipatikana mawili, yote ya Imakulata kusikia vibaya kwa sababu ya yowe la upepo. Mawili! Watu wawili wangekufa kwa upepo. Mwanahawa akayasahihisha, akakunja daftari ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga kifuani kwa kanga.

Saa sita na dakika ishirini waliondoka. Imakulata alikimbia kando ya gari hatua kadhaa. "Dada! Josepha watamfanya nini?"

Gari likampita.

Maili moja kabla ya kambi, Bundala akafunga breki.

Korongo ambalo juzi lilikuwa mchanga mtupu sasa lilikuwa maji ya rangi ya chai, yakibeba matawi na povu. Bundala akashuka, akatia fimbo. Ikazama mpaka mkononi.

"Gari halipiti. Tungoje yapungue."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na dakika kumi."

Mwanahawa akavua viatu.

"Dada, wewe mtoto wa mjini! Unajua kuogelea?"

"Sijui." Aliupandisha mfuko wa nailoni kichwani, akaufunga kwa ncha za kanga chini ya kidevu. "Niombee."

Maji yalimfika magotini. Kiunoni. Katikati yalimfika kifuani, yakamvuta kwa nguvu za ng'ombe. Mguu ukateleza. Alimeza tope, akapapasa, akashika mzizi uliotoka ukingoni ng'ambo, akajivuta kwa kucha. Nyuma yake Bundala alikuwa akimwita Mungu kwa Kisukuma.

Alikimbia. Pekupeku, kanga imemganda mwilini, ndorobo wakimchoma shingoni na mabegani, na kila mchomo ukimkumbusha jinsi Nassibu alivyoanza. Mbele mawingu yalikuwa meusi kana kwamba jua limeshuka kabla ya wakati wake.

Akaiona kambi. Mabanda mawili ya bati. Akasukuma mlango wa la kwanza.

"Daktari! Usichome!"

Kijana mwembamba mwenye koti jeupe aligeuka, bomba la sindano mkononi. Alikuwa kando ya kitanda namba tano.

"Wewe nani?"

"Mwanahawa Yahaya, karani wa Tabora. Karatasi uliyonayo ni ya juma la sita. Vitanda vimebadilika. Hii ndiyo sahihi." Akamnyooshea daftari.

Daktari Kornel akalipokea, akasoma kichwa, akaweka bomba chini polepole sana.

"Wamesema hii ndiyo ya mwisho..."

"Umekwisha anza? Sindano ni saa nane!"

"Niliona mvua inakuja, humu ndani kutakuwa giza. Nikasema nianze mapema." "Nimechoma wanne."

Wakaliweka daftari kando ya karatasi ya zamani, vichwa vyao vimegusana.

Kitanda cha kwanza: nne na nne. Mwanahawa akapumua.

Kitanda cha pili: tano na tano.

Kitanda cha tatu: apumzike, lakini amechomwa mstari wa pili. Daktari akafumba macho, akahesabu kitu. "Ni kidogo. Atachoka, atatapika, atapona."

Kitanda cha nne. Orodha ya zamani: mstari wa nane. Orodha mpya: mstari wa pili.



Kitandani alilala Mwanamkuu, mjane wa Tabora, mfumaji wa mikeka, mwili wake mdogo kama wa mtoto chini ya blanketi. Alikuwa akitazama bati la paa. Kwenye ukingo wa blanketi vidole vyake vilikuwa vimeanza kucheza, vyenyewe, bila amri yake.

"Nilisita," Daktari Kornel alinong'ona. "Nilipomwona alivyo mdogo mkono ulisita. Lakini karatasi imeandikwa." Akamgeukia. "Majuma sita! Nakala sita zilipotelea wapi? Nani alikuwa akizikagua?"

Hapo, msomaji, njia zilikuwa mbili. Josepha alikuwa mbali, msichana mgeni, na kaboni aliigeuza yeye. Jina moja tu lingetosha.

Mwanahawa alitazama ng'ambo ya banda. Kitanda cha kumi na saba. Nassibu amelala ubavu, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka. Yu hai, kwa sababu sindano ya karatasi ya zamani haijamfikia.

"Mimi," alisema. "Nilitia sahihi sita. Sikufungua hata bahasha moja."

Daktari akamshika Mwanamkuu mkono, akahesabu mapigo.

"Polisi watakuuliza hayo, mimi sina nafasi. Nisikilize. Ipo dawa ya kuivuta sumu hii mwilini. Nikiipata kabla ya jua kuzama, huenda mama huyu akaamka. Humu kambini haipo."

"Iko wapi?"

"Sikonge. Kwa Sista Paskazia, kabati la juu."

"Gari letu liko ng'ambo ya korongo. Bundala anangoja."

"Basi nenda!"

Tone la kwanza likagonga bati. Likafuata la pili, halafu mbingu ikafunguka yote, na sauti ya daktari ikamezwa.

Mwanahawa alikimbia njia aliyojia, mvua ikimpiga usoni, akijua kwamba hajui kuendesha gari, hajui kuogelea, na katika ulimwengu mzima ana mtu mmoja tu wa kumfikisha Sikonge.

Alipofika ukingoni alisimama ghafla. Maji yalikuwa yamepanda mara mbili. Ng'ambo, Land Rover ilikuwapo palepale, taa zikiwaka, milango yote miwili wazi.

Ndani hapakuwa na mtu.

"Kaka Bundala!"

Mvua tu.

"Kaka Bundalaaa!"

Ikaja sauti, dhaifu, ikiita "Dada". Haikutoka ng'ambo. Mwanahawa alifuta maji machoni, akatazama chini mtoni, na katikati kabisa ya mafuriko, juu ya tawi lililokuwa likiinama na kuinama, aliuona mkono wa dereva aliyekuwa ameamua kumfuata.